Jina Kichwani

Shemeji Odwar,
uliniambia, "Usibahatishe, Mmbone. Nunua jina."
Basi Jumamosi nikatoka Luanda na mvua yangu,
pesa ya shule nimeifunga kwenye leso,
nikapanda ngazi za lile duka la Kisumu, juu ya duka la dawa.
Mwenye duka aliniteremshia kigitaa kutoka ukutani.
Kadi yake imeandikwa kwa kalamu nene:
UKELELE, elfu kumi na nne.
Sikumsahihisha.

Kichwani, dhahabu ile ile,
mwandiko ule ule wa kulala
uliokuwa kwenye gitaa la marehemu baba,
ambalo mama hakuturuhusu kuligusa
hata kwa kulipanguza vumbi.
Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa.

Halafu nikapiga.
Odwar, ni mlango.
Ubao mnene, nyuzi zimenyanyuka shingoni
mpaka kidole kinaomba radhi.
Sauti inatoka, inageuka, inarudi ndani
kama mgeni aliyesahau mwavuli.
Naye anakisifu, anakisifu tu.
Kizuri chajiuza, nikasema moyoni.

Mwana wa nyoka ni nyoka, sawa.
Je, mwana wa gitaa?
Nilimulika tundu kwa tochi ya simu:
gundi imechuruzika kama uji,
na kibandiko cha kiwanda kingine kabisa,
hata hawakujisumbua kukificha.
Huyu hakuzaliwa kwao.
Jina lilimkuta njiani.

Pembeni palining'inia kingine, hakina ukoo,
chepesi kama kikapu kilichomaliza omena,
elfu sita na mia tano.
Niligusa uzi mmoja
na mwenye duka akaacha kuhesabu chenji.

Sisemi majina yote ni hewa.
Apondi wenu anacho cha bei ya mbuzi watatu,
na kinalia kweli kweli, nimekisikia.
Lakini wangu ni watoto thelathini na wawili,
darasa la nne, vidole vinanata miwa.
Jina hawalijui.
Wanajua kinachouma na kisichouma.

Nimechukua viwili visivyo na ukoo,
na nauli ikabaki.
Kile cha dhahabu nilikirudisha ukutani mwenyewe.
Nilikipanguza vumbi kwanza,
kwa ncha ya leso, pale kwenye jina,
nikapanguza, nikapanguza,
hata palipokuwa hapana vumbi tena.