Kijicho

Ami Mbarouk kaniachia kamera ya wakati wa vita:
skrubu hazilingani, rangi imepakwa mbiombio,
na nyuma ya lenzi, kipande cha gazeti la kigeni
kimekunjwa kuziba pengo la unywele.
Nani alikikunja, usiku, taa zimezimwa kuogopa ndege?

Juu kuna kijicho cha kuchomeka, alikitoa Unguja.
Akikiamini kuliko lenzi; ndiyo maana
nusu ya maharusi wa Wete hawana vilemba pichani.
Mmoja wa Mtambwe alisema, hiki ni kijicho.
Hakukosea.

Nakichomoa. Nachungulia dirisha la kamera yenyewe:
Mize wawili, mmoja mzima, mmoja kivuli cha manjano.
Nazungusha pete. Wanakaribiana,
pua juu ya pua...
"Tayari?"
Kusema tu, wameachana tena.