Unga Chini ya Karai

Saa tano usiku, Grimsby, mvua ya kupigwa na upepo.
Androulla ananifungulia mlango kwa kiwiko
maana viganja vyake vyote viwili vinateleza.
"Linavuja chini," anasema, "na juu halinywi."
Magonjwa mawili, basi, katika mwili mmoja.

Karai la gesi, matangi matatu, urefu wa kaunta nzima.
Chini yake wametandika magazeti,
juu ya magazeti sinia, juu ya sinia taulo,
na taulo lenyewe limeshiba.

Mafundi wawili wamenitangulia.
Wa kwanza alibadilisha vali. Wa pili pampu:
pauni mia sita, na risiti imebanwa ukutani
kama picha ya marehemu.

Nawasha. Pampu inanguruma, haivuti.
Mafuta ya ng'ombe hayana upole wa alizeti:
yakipoa huwa samli, yakizidi kupoa huwa mshumaa,
yanajilalia ndani ya bomba la kurudishia
na hayaamki kwa kelele.
Naomba kikausha nywele. Androulla anacheka, analeta.
Nalipasha bomba shubiri kwa shubiri
mpaka nisikie koo likizibuka.
Yanarudi, ila yanarudi na mapovu,
na mapovu ni hewa, na hewa ina mlango wake.

Wapi?

Tuanze na uvujaji. Tone ni shahidi wa uongo:
huapa kwamba limetokea pale lilipoangukia.
Naomba unga, ule wa kugaragazia samaki.
Androulla anadhani nina njaa.
Nafuta chuma mpaka king'ae, nanyunyiza unga
kwenye vali mpya, kwenye viungio, nyuma ya kipimajoto,
kisha nalala chali sakafuni, tochi mdomoni,
nikingoja kama watu wangojavyo mwezi uandame.

Dakika kumi na moja.
Vali: nyeupe, haina hatia.
Nyuma ya kipimajoto, mstari wa kahawia,
mwembamba kama nyusi, unashuka,
unapinda kwenye fremu, unatembea nusu mita nzima
ndipo unadondoka chini ya vali, kuisingizia.
Namwaga tangi. Naweka sili mpya. Moja hiyo.

Navuta sinia la chujio. Karatasi imekaa sawa.
Lakini mpira, pale bomba linapoingilia, ni mwekundu.
Wa kiwandani ni mweusi.
Naunusa: siki.
Pale kaunta, chupa ya mayai ya siki
imeachama, kifuniko hakikai.

Kieran, miaka kumi na saba, anapiga deki
palepale alipokuwa akipiga deki tangu niingie.
Masikio yamemwiva.
Hasemi. Si lazima. Mpira wa kweli
ulimponyoka sinki, ukaenda na maji,
naye ana wiki tatu tu kazini.

Natoa mweusi begini, naupaka mafuta, naukalisha.
Pampu inavuta bila kukohoa.
Kwenye fomu, penye "Chanzo", naandika:
*mpira ulichakaa*. Sahihi: H. Mwinchande.
Uongo wa maneno mawili, bei yake pauni moja na nusu.

Garini nakula chipsi za majaribio,
magoti yangu meupe kama ya mwokaji.
Kieran anatoka na takataka, anasita mvuani,
anagonga kioo. Mkononi ana yai
kwenye karatasi iliyolowa.
Ananipa, anarudi ndani.

Mayai ya siki siyawezi kabisa.
Nalila lote.