Mgongo wa Lowell

Nyumba ya magurudumu tumeiacha kambini,
birika lingali la moto,
soksi zako zimeanikwa kwenye usukani.
Tumeshusha pikipiki.

Miaka thelathini na minane nimeusoma mgongo wako:
mshono wa jaketi, doa la oili,
milima ya Montana ikinipita ubavuni, nusunusu.

Mwaka huu hata kijiko kinakutetemesha.
Asubuhi umenipa ufunguo, kimya,
ukanifunga kofia ngumu kidevuni
kama mtoto anayepelekwa shule.

Kona juu ya kona. Theluji ya Julai ukingoni,
chafu kama chumvi ya mawe.
Mbuzi mweupe anatutazama, hana haraka na mtu.

"Marjean, polepole!"
Nakaza mwendo.
Kifua chako kinacheka mgongoni mwangu,
na mlima, kumbe,
ni mpana hivi.