Chini ya Kiwango cha Kupimika

Kila miezi mitatu nilivua beji kifuani,
nikaitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na za wenzangu sita,
ikaenda Njiro, kwa Dokta Anande Akyoo.
Baada ya wiki tatu barua ilirudi:
jina langu, namba yangu, na maneno yaleyale,
*chini ya kiwango cha kupimika*.
Sahihi yake imelala upande,
kama mtu anayewahi kuanua nguo kabla ya mvua.

Miaka kumi na tisa ya barua za namna hiyo.
Nani humshukuru mtu kwa ugonjwa asioupata?

Alizaliwa Poli, juu ya Usa, migomba hadi mlangoni.
Akiwa na miaka saba alivunjika mkono,
akapelekwa misheni kwa Bwana Ndekirwa wa chumba cha picha,
aliyewashika watoto wasitikisike,
kwa mikono mitupu, asubuhi hadi jioni.
Picha ilitoka safi. Mfupa ulionekana,
na kando yake vidole vya mzee yule,
vifupi kuliko vidole vinavyopaswa kuwa.
"Kucha zako zimeenda wapi?"
"Ni dawa ya kuoshea picha, mwanangu."

Haikuwa dawa.
Alisoma fizikia mpaka akalipata jibu.
Alipolileta nyumbani,
Bwana Ndekirwa alikwishalala chini ya msalaba wa saruji.

Darasani kwetu aliingia na mkungu wa ndizi.
Akauweka mezani, akawasha kipimo:
ta.
Kimya. Ta, ta.
"Mnasikia? Ni udongo huu, ni anga, ni ninyi mlioketi,
na ndizi nazo zimo kidogo.
Msiogope kila kinacholia.
Ogopeni siku mtakapoacha kusikiliza."

Akamvika Nnko aproni, Nnko akainama kwa uzito.
"Dokta, kwa nini tunavaa risasi? Risasi si huua?"
Akacheka hadi akavua miwani.
"Ile ya bunduki huenda kumtafuta mtu.
Hii inakaa palepale
na kumwambia mgeni: hapa hupiti."

Kisha, kwa kuwa hatukukumbuka milinganyo,
alituandikia ubaoni, akisema yeye si mshairi:

Usikawie chumbani, usije ukazoea,
Sogea nyuma pembeni, umbali hukutetea,
Vaa risasi mwilini, hata wakikuchekea,
Kisichoonwa machoni, ndicho kinachotembea.

Tuliukariri kwa mzaha.
Mpaka leo, mkono wangu ukigusa swichi,
mguu wangu unarudi nyuma wenyewe.

Na ile Jumapili ya Unga Limited?
Muuza chuma chakavu alinunua kisanduku
kidogo kama kopo la maziwa, kizito kama mbuzi.
Dokta alifika na kandambili, kitenge cha kanisani bado kiunoni.
Kipimo kililia kama bisi kikaangoni.
Chaki hakuwa nayo. Akaomba sembe duka la jirani,
akachora duara la unga, akawatoa watu wote nje yake.
Loserian akadai hela zake, elfu thelathini na mbili.
Dokta akamlipa kutoka mkobani,
maana kubishana nako kunakula muda.
Kesho yake kuku walikwishaudonoa mstari.
Magazeti hayakuandika chochote:
hakuna aliyekufa.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na khanga mbili.
Hotuba zilikuwa ndefu, nyingi zilihusu jengo.
Mimi nilikwenda na barua zangu, sabini na sita,
zimefungwa kwa uzi wa viatu.
Alizipitia moja moja, midomo ikitikisika,
kama mtu anayehakiki hesabu.
"Hii ya Machi," akasema, "beji yako ilikuja na ugali.
Niliisafisha kwanza."

Sasa anauza miche ya parachichi Tengeru.
Juzi nilimkuta akichochea jiko la mkaa;
aliweka sufuria, akarudi nyuma hatua mbili,
akaniona nimeona.