Daftari la Mapipa

Mapipa ni jina tu; pipa lenyewe sijaliona
tangu niajiriwe kwa Aikande,
duka la mvinyo na pombe kali, mlango wa chuma,
katikati ya fundi friji na Bi Shemsa wa udi.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi tunaonja.
Si Ijumaa. Aikande alishasema: jirani kwanza.
Viti vya plastiki vinatoka nje, na glasi za kukodi
kutoka kwa mpambaji wa harusi, dazeni mbili,
ikivunjika moja ni elfu tatu.
Na ndoo tupu ya rangi, ya kutemea.

"Kutema?" aliuliza Kihwelo, fundi friji, siku ya kwanza.
"Elfu tano yangu niiteme?"
Ndoo mpaka leo inatunza miavuli.

Kazi yangu kuandika.
Aikande anamimina vidole viwili, anauliza: mnaonja nini?
Nami nafungua daftari la madeni,
kushoto wadaiwa, kulia maneno.

Mwanzoni maneno hayakuja.
Lebo ilisema matunda meusi ya porini,
ilisema mwaloni.
Mwaloni sisi tumeusikia kanisani;
nani kati yetu amewahi kuulamba?
Tukatazamana kama watoto walioulizwa hesabu
mpaka Tuntufye mshonaji akasema, kwa sauti ya sindano,
"Zambarau. Zile za kuokota chini, zimepasuka, zina mchanga."

Basi.
Ukwaju! Bungo bichi! Kiatu kipya cha shule!
Mwalimu Nyangeta akainuka kusahihisha,
mstaafu lakini chaki haijamtoka vidoleni:
"Hicho kinachokaza ulimi si uchachu, jamani.
Kina jina. Ukakasi."
Tukalirudia, u-ka-ka-si,
na neno lenyewe likatukwaruza ufizi.

Bi Shemsa havuki kizingiti.
Huja na kigoda chake, hukaa upande wake wa baraza,
kikombe cha kahawa mkononi,
husikiliza tunavyobishana, hucheka kwa pua.
Pua ile! Miaka thelathini inatenga
udi wa kweli na kijiti kilichopakwa mafuta.
Mwezi uliopita akanyoosha kiganja:
"Nileteeni kizibo. Kizibo tu.
Pua hainywi."

Ilikuwa chupa ya tatu, zabibu za Hombolo.
Akakizungusha, akafumba macho,
akakaa hivyo mpaka Kihwelo akaacha kutafuna karanga.

"Hili," akasema, "ni kabati la mama,
baada ya arobaini, tulipolifungua kugawana kanga."

Hakuna aliyemimina.
Huko barabarani honi, muuza mayai akigonga ndoo yake.
Tuntufye akaivuta glasi karibu,
akanusa tena, akilitafuta kabati,
nikaona usoni amelipata, la kwao.

Nikaandika: Hombolo, nyekundu. Kabati la marehemu.
Sikuongeza kitu.

Jumatatu asubuhi akaja dereva mmoja wa bajaji
ambaye hajaonja nasi hata siku moja,
sijui alisikia wapi.
Hakusoma lebo. Aliegemea kaunta
akichezea funguo.
"Nataka ile ya kabati," akasema.
Kisha, baada ya kitambo:
"Mzee tulimzika Februari.
Hela nitaleta mwisho wa mwezi."

Nikamfungia kwenye gazeti.
Kushoto nikaandika jina lake na tarakimu.
Kulia, mstari uleule,
nikaacha wazi.