Kadi Iliyokufa

Kwa Aikaeli, Moshi, kule Pasua,
ukuta mmoja na mashine ya kusaga,
mia mbili dakika ishirini.
Kadi ya kumbukumbu ilishakufa,
kila anayekaa anaanza upya:
jiji lilelile, asubuhi ileile,
bibi yuleyule kaporwa mkoba.

Samahani, bibi.
Mimi napanda ukuta.

Ghorofa sitini, madirisha ya kuchorwa,
na mbali, ukungu ukisogea,
majengo yanachipuka ghafla kama uyoga.
Padi imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
kitufe cha kuruka kimefutika alama.
"Kamata majambazi!" anafoka Ndelilio,
zamu yake inakaribia.
Siwakamati.
Najiachia,

na tumbo langu, hapa kwenye benchi,
linabaki juu.

Leo mwanangu ana gemu mpya,
hata jasho la shujaa unaliona.
Mshale unamwonyesha pa kwenda. Anakwenda.
Nikaomba padi, nikakata kushoto.
"Baba, huko hakuna kitu."

Najua.
Ndiko nilikokuwa naenda kila siku
mpaka umeme ukatike,
na kioo cheusi kinionyeshe uso wangu,
mweupe kwa unga wa jirani.