Herufi za Shaba

Wamekuja watatu jioni, na karatasi ya mistari:
mwalimu Numbi, mwanawe mwenye koti, na fundi wa vyuma.
Wanataka jina la Senga Kabulo likae ukutani
kwenye ukumbi wa zamani, hapa Kamalondo,
kwa herufi za shaba zenye kimo cha mtoto anayeanza kutembea.
"Wewe ulimpigia besi. Weka sahihi."

Nikawaambia, ketini kwanza. Munkoyo upo.

Miaka kumi na mitatu nilimpigia besi
na sijui wimbo wake hata mmoja, mwanzo hadi mwisho.
Ninajua miaka tu.
Mwaka wa mahindi: alijaza punje tumboni mwa gita
akalitikisa hadi panya wakatufuata mazoezini.
Mwaka wa vyerehani: aliazima sita kwa mafundi wa Kenya,
akavipanga jukwaani, akatuambia, kanyageni.
Watu walidai pesa zao mlangoni.
Tulikula bukari kwa chumvi mpaka Pasaka.
Kisha mwaka ule wa kimya, alipotega kinasa sauti
chini ya bomba refu la kiwanda,
akingoja king'ora cha zamu ya alfajiri
ambacho kilikuwa kimekwisha kufa.
Na karo ya mwanangu?
Iliingia kwenye mashine ya mwangwi.
Mashine iliungua Jumatatu.

Tena kuna Mama Kalenga.
Alikuja na kitenge kipya, mjane wa miezi miwili:
"Senga, nipigie ule wa harusi yangu."
Akaupiga, ndiyo, lakini ameutoa mifupa,
kiitikio kimekuja mbele, sauti imezamishwa kisimani.
Mama alisimama katikati ya ukumbi
akimtafuta mumewe ndani ya ule wimbo.
Hakumkuta.
Hilo sijamsamehe.

Wachimbaji wa Ruashi wangekwambia:
mashimo mia, shaba hakuna,
na mbuzi wa watu wanatumbukia.
Mtaka yote hukosa yote.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Yote nimemwambia mwalimu, naye anaandika pembeni
kama anayesahihisha hesabu.

Lakini.

Usiku mmoja alibisha mlango wangu kwa ufunguo,
mapigo matatu, mawili, halafu kimya
pale pale mguu unapotaka kushuka.
Sikufungua upesi. Akarudia. Akacheka peke yake nje.
Mdundo huo tuliupiga wiki tatu,
akauchoka, akauacha kama ndala iliyokatika njiani.
Vijana wa Katuba wakauokota, wakaushona,
wakajengea nyumba za matofali ya kuchoma.
Miaka thelathini wanaupiga, haujapungua hata ukucha,
na wao ndio wanaoitwa wakongwe, wao ndio wanaopewa kiti.
Nikamuuliza Senga, wewe huumwi?
Akasema, "Mlango ulikuwa wako. Wewe huumwi?"

Sasa, mwalimu, niambie,
sifa ya kudumu ni ya aliyebisha
au ya waliohamia ndani wakapika?
Mimi sijui. Sifa hupenda mtu aliyesimama
ili imshike mkono vizuri, impige na picha.
Huyu alikuwa anaondoka salamu haijaisha.

Leteni hiyo karatasi.
Naweka sahihi, na ninalo sharti:
shaba hiyo mtu asiisugue.
Mvua za Novemba zikija iacheni ipige weusi,
ipige kijani, ifanye inavyotaka.

Na siku ya kuzindua Mama Kalenga aalikwe,
akae mbele kabisa, mbele ya meya,
na apigiwe wimbo wake wa harusi
jinsi ulivyokuwa.

Nani ataupiga?
Mwalimu ananitazama. Mwanawe anatazama koti lake.
Haya. Hata kama vidole vimekauka,
nitajaribu mimi.